Neno la Midomo Tu

Baba yake alikuwa mkalimani wa mahakama, mtu wa maneno hasa, na bintiye alimrithi mdomo. Ndiyo maana mzee alimpachika jina la Chiriku. Utotoni walikuwa na mchezo wao: mzee huuliza neno lina maana gani katika lugha za watu, binti hujibu.

"Baba kwetu?"

"Wewe!"

"Kwa Warusi?"

"Mwanamke!"

"Kwa Wajapani?"

"Ajuza!" Hapo Chiriku alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akimwona akilini baba yake kavaa gauni.

Siku moja aliuliza nani alimwazima mwenzake neno hilo.

"Wapi! Kila mtu na lake. Mtoto mchanga hupiga midomo tu, ba, ba, hamwiti mtu. Aliye karibu ndiye anayeitikia, akajidai kaitwa yeye."

Sasa Chiriku ni fundi nguo, na cherehani yake iko chumbani kwa baba, kati ya kitanda na dirisha, tangu kiharusi kilipomfunga mzee ulimi. Muuguzi alisema wamsemeshe maneno aliyoyapenda, huenda moja likavuta mengine. Chiriku hakutaka mengi. Alitaka aitwe Chiriku, mara moja tu, kabla mzee hajaondoka. Basi kila akitunga uzi sindanoni huuliza, "Baba kwa Warusi?" na kujijibu mwenyewe.

Asubuhi moja, akimlisha supu, mzee alisema, "Ba... ba."

Supu ilimwagika. Chiriku alikimbilia ukumbini kumpigia kaka yake simu.

"Kaka, mzee amesema!"

"Acha utani! Kasema nini?"

"Baba!"

Kaka akaangua kilio cha furaha, akaahidi kuja jioni.

Chiriku aliporudi, mzee alikuwa anakiambia kijiko, "Ba, ba." Akaliambia pazia. Akaiambia cherehani. Chiriku alimshika mashavu. "Ni mimi, baba. Chiriku." Macho ya mzee yalimpita kama wapita njia. Midomo ikapigana, ba, ba, mate yakamchuruzika.

Mwingine angefurahi. Yeye alikwisha kufundishwa, na aliyemfundisha ni huyu huyu, ambaye sasa hawezi hata kumbishia.

Jioni kaka alifika na mfuko wa machungwa, akapiga magoti kando ya kitanda. "Ba, ba," mzee aliuambia ukuta.

"Anamwita nani?" kaka aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Chiriku alimfuta mzee mate kwa kipande cha kitambaa.

"Abee," akaitikia.