Husikia cherehani mbovu kati ya sitini, hakusikia kikohozi cha mumewe

Saa mbili kasorobo asubuhi, umeme unawashwa na cherehani sitini zinaanza kunguruma kwa pamoja. Mgeni akiingia humu huziba masikio. Mama Sikio, fundi wa ukumbi huu wa kushonea sare, anafanya kinyume: anazipa mashine mgongo, anafumba macho, anatulia.

"Arobaini na moja," anasema. "Sindano inagusa chuma."

Mshonaji wa mashine namba arobaini na moja anabisha kwamba mashine yake haina neno. Fundi hajibishani naye. Anaizima, anachomoa sindano na kumwekea kiganjani. Imepinda kidogo mno, lazima uiinue kwenye mwanga ndipo uone.

"Bado mishono michache tu ingekukatikia usoni. Haya, bisha tena."

Wenzake wanaangua kicheko. Jina halisi la fundi halikumbukwi na mtu humu. Miaka thelathini na mmoja ya kusikiliza mashine imempa hili jingine. Msimamizi hutania kwamba fundi huyu akiugua siku moja, kiwanda kizima kinakuwa kiziwi.

Ndiyo maana yaliyotokea nyumbani kwake yanamshangaza mpaka leo. Anapoyasimulia hupunguza sauti, na kila baada ya sentensi mbili hutikisa kichwa.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Binti yake mkubwa, mwalimu katika mji mwingine, alikuja likizo baada ya miezi kumi na moja. Alimkuta mama yake uani akianika nguo. Hata begi hajalitua, akasimama kama aliyeona nyoka.

"Mama, nani huyo anakohoa hivyo?"

"Anakohoa nani?"

"Humo ndani! Husikii?"

"Wewe mtoto, mimi nisisikie? Humo yumo baba yako tu, anasoma gazeti lake."

Binti alidhani anataniwa. Kikohozi kikaja tena, naye akanyoosha kidole dirishani. "Hicho, mama! Hicho!"

Hapo ndipo mama alipokisikia. Kilikuwa kikohozi kizito, kirefu, cha mtu anayeitafuta pumzi kwa taabu. La kutisha zaidi, hakikuwa kigeni kwake. Alikijua kama anavyoujua mlio wa mlango wake mwenyewe.

"Niliacha nguo kwenye beseni," anasema. "Nikajiuliza, hiki kitu kina muda gani ndani ya nyumba yangu?"

Jumatatu wakaenda zahanati. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alipandishwa kwenye mizani, ikaonekana amepungua kilo kumi na moja. Makohozi yakapimwa: kifua kikuu. Picha ikaonyesha pafu la kulia limeshaliwa vibaya. Tabibu akamuuliza amekohoa tangu lini.

"Miezi saba hivi," akajibu mzee.

"Miezi saba! Na hukumwambia mtu?"

Mzee alimtazama mkewe, kisha akainamisha uso. "Mke wangu anasikia sindano iliyopinda kati ya mashine sitini. Nikasema, kikohozi hiki kingekuwa kibaya, angeniambia."

Maneno hayo yalimmaliza Mama Sikio. Alipopimwa yeye kifua na kukutwa mzima, hakushukuru hata kidogo. Alitaka apimwe masikio. Alikuwa na hakika kwamba mashine zimemharibu na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mpimaji, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimvisha vidude masikioni, akamwagiza anyooshe kidole kila akisikia mlio. La kushoto lilionekana limechoka kidogo. La kulia halikuwa na kasoro.

"Haiwezekani," akasema fundi. "Pima tena."

"Mama, ile saa ya ukutani, umeanza kuisikia lini?"

Akageuka. Juu ya mlango palikuwa na saa kubwa, inagonga kwa nguvu. Alikuwa amekaa chini yake nusu saa nzima.

"Sasa hivi," akasema. "Uliponiambia."

Mpimaji akamfafanulia kwamba sikio hupokea kila kinachokuja, lakini ubongo ndio unaoamua kipi kitushtue. Unafanya kazi kama mlinzi wa geti: mgeni humsimamisha na kumhoji, ila anayepita kila siku hamwangalii mara mbili. Kikohozi cha mzee kilianza kidogo kikakua polepole, na kila siku kilikuwa kinafanana na cha jana. Kingeanza na ukali ule siku moja, angeruka alipo.

"Na sindano za kazini je? Mbona hizo nazisikia?"

"Hizo unazitafuta, mama. Nyumbani ulikuwa umekwenda kupumzika."

Waswahili husema mganga hajigangi, lakini methali haikumpoza moyo. Alirudi kazini na hofu mpya. Ikiwa nyumbani limempita jambo zito namna ile, ukumbini yamempita mangapi? Akafanya kitu ambacho wenzake hawakutarajia: akamwendea fundi wa ukumbi wa pili, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa naye kama paka na panya.

"Njoo unisikilizie mashine zangu."

"Wewe? Leo jua limechomoza magharibi?"

Alikuja akicheka. Hakufika hata safu ya kwanza ya cherehani. Alisimama mlangoni, akatazama juu, kicheko kikamwisha.

"Hilo feni mbona linasaga?"

Lilikuwa feni kubwa la kutolea vumbi. Mama Sikio akatega sikio, hakusikia chochote. Akatega tena, ndipo mlio ukamjia, chuma juu ya chuma, wazi kabisa. Walilizima na kupandisha ngazi. Beringi ilikuwa imelika, na panga moja la feni hilo lilishikiliwa na nati moja tu, juu kabisa ya vichwa vya wapiga pasi wanane.

"Nilikaa sakafuni mbele ya watu wote," anakumbuka. "Watoto wa watu wanane, na mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu!"

Tangu siku hiyo mafundi hao wawili hubadilishana kumbi kila Ijumaa kwa nusu saa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema yule fundi wa pili, na mgeni mwenyewe hudai chai kwanza.

Lakini mshtuko mkubwa kuliko yote haukutoka kiwandani. Jumapili moja alasiri, mzee akiwa wiki ya sita ya vidonge, Mama Sikio alijilaza chumbani akapitiwa na usingizi. Akazinduka ghafla, moyo unamwenda mbio, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa sebuleni pekupeku.

"Kuna nini?" akauliza mumewe, gazeti mkononi.

"Sijui. Kuna kitu."

Wakasikiliza wote wawili. Hapakuwa na kitu. Mzee alikuwa hajakohoa tangu asubuhi.

"Siku hiyo nililia kuliko siku ya zahanati," anasema. "Nilikuwa nimeshaanza kujisamehe. Nikisema, basi, sikukisikia. Sasa kama sikukisikia, kilipokoma niliamshwa na nini?"

Mumewe hataki kusikia habari za kusameheana. Anasema kosa ni lake, mwanamume mzima mwenye mdomo wake. Amesharudisha kilo saba, na imebaki miezi miwili amalize dawa. Tabibu amewaambia wazi kwamba pafu la kulia halitakuwa kama zamani, ila ataishi, mradi asiruke kidonge hata kimoja.

"Nataka nizeeke na huyu mzee," anasema Mama Sikio. "Tugombane, aninyang'anye redio, aniudhi. Ila sitaki tena nimzoee."

Mpango wake ni rahisi. Kila Jumapili humwita jirani, mama mwenye maneno mengi kuliko mtaa mzima, aje kuketi sebuleni nusu saa bila kuzungumza, amsikilize mzee. Kwa jirani huyo ni adhabu, lakini huja.

Jumapili hii nusu saa imetimia. Jirani anajinyoosha, anavaa ndala zake.

"Mzima kabisa. Sijasikia kitu."

Mama Sikio anasogeza kiti chake karibu na cha mumewe, kisha anamwonyesha jirani kiti alichokuwa amekikalia nusu saa nzima.

"Kaa, shoga yangu," anasema. "Dakika tano tu nyingine."