Rangi Ambayo Profesa Hakuiona

Fundi bomba wa mtaa huu wanamwita Profesa. Mgeni hudhani ni utani tu, kwa sababu ya miwani yake na ile tabia ya kumweleza mwenye nyumba kwa nini sinki limeziba kabla hajalizibua. Lakini jina lina asili yake. Alisomea shahada ya kemia chuo kikuu, akabakiza kidogo tu kumaliza, akala kona. Akiulizwa, alikuwa anajibu kwamba shule ilimshinda, kisha anaomba apewe spana. Haikuwa kweli. Kemia haikumshinda hata siku moja.

Kilichomshinda ni rangi. Tangu kuzaliwa, macho yake hayatenganishi nyekundu na kijani, na waridi hafifu kwake ni sawa na maji ya bombani. Mama yake aligundua mapema, mtoto alipochora mti wenye majani ya kahawia na shina la kijani kibichi. Hakumgombeza. Alimweka kando, akamwambia jambo hilo libaki humo humo ndani. Alikuwa na sababu: kaka yake wa tumbo moja alikuwa na macho ya namna hiyo, akakataliwa kazi ya udereva mbele ya kundi la watu, akarudi nyumbani kichekesho. Basi kijana akakua akichaguliwa mashati na mama, na kunyamaza kukawa sehemu ya mwili wake.

Chuoni alifika na moto. Mahesabu yaliyowatoa wenzake jasho yeye aliyamaliza akiwa anatafuna kitu. Jioni walimfuata kantini awafafanulie somo la mchana, naye alikuwa anachora molekuli juu ya meza kwa kidole kilicholowa chai, mpaka hata waliokwisha kata tamaa wakaanza kutikisa vichwa kwamba wameelewa. Shida ilikuwa maabara. Huko mwanafunzi huwekewa asidi ndani ya chupa, akaongeza matone mawili matatu ya kiashiria kisicho na rangi, halafu akadondosha alikali kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini. Inafika mahali tone moja linatosha kuyageuza maji yote kuwa waridi, tena waridi ya kubahatisha. Hapo hapo unafunga koki na kusoma kipimo. Ukipitiliza, umeharibu.

Yeye alipitiliza kila mara. Wa kwanza kumshtukia ni mwenzake wa meza, binti wa mkunga, msichana mwembamba aliyekuwa akicheka kwa kukatakata kama anayebanwa na kwikwi. Alimtazama akiharibu chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu ikawa kama sharubati. Akamsogelea.

"Wewe huoni, au unafanya makusudi?"

Alimwambia ukweli, kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia, kisha akamsihi asimwambie mtu. Kuanzia siku hiyo walifanya kazi kwa mikono ya mmoja na macho ya mwingine. Yeye alishika koki, binti akasimama karibu akijifanya anaandika, na rangi ilipotokea alisema "hapo" kwa sauti ya chini. Yeye akamlipa kwa mahesabu, ambayo binti aliyaogopa kama nyoka. Darasa zima liliamini hao wawili ni wapenzi. Huenda darasa halikukosea sana, ila wenyewe hawakuwahi kulitamka.

Binti hakuridhika na mpango ule. Mara kwa mara alimshauri wamwendee mwalimu wa vitendo, tena alijitolea kuongea yeye. Mwalimu huyo alikuwa mama mkavu, asiyecheka ovyo, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Mizani. Kijana alimwona akiwarudisha watu nje kwa kusahau koti la maabara tu; sembuse mtu asiyeona rangi, anayesomea kazi ya kuangalia rangi. Alijua atafukuzwa kama mjomba wake. Mara ya mwisho binti alipoligusia jambo hilo, alimjibu kwa ukali kwamba kama amechoka kusimama pembeni yake aseme tu. Binti hakulirudia tena.

Mtihani wa vitendo wa mwaka wa mwisho ukaja. Walipofika mlangoni walikuta meza zimetenganishwa, kila mtu na yake, na binti wa mkunga amepangwa upande wa pili wa ukumbi, karibu na madirisha. Kijana alijikaza. Alijaribu kukisia kwa kuhesabu matone, akajaribu kuiinua chupa kwenye mwanga. Kwake maji yalibaki maji, mpaka yalipoingiwa na kitu kama kivuli, na hapo alikuwa amekwisha pita mbali. Mizani alisimama nyuma yake, akaitazama ile chupa muda mrefu, akaenda zake.

Siku iliyofuata alimwita ofisini. Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa marundo ya karatasi hadi kwenye kiti cha wageni, na Mizani aliyahamisha mwenyewe ili kijana akae. Alimwambia kwamba karatasi zake za nadharia ni za kwanza darasani, lakini matokeo ya maabara ni ya mtu aliyekuwa anapiga usingizi. Kisha akaulegeza uso, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia.

"Kuna kitu unataka kuniambia?"

Alikaribia kumwambia. Lakini akamwona mjomba wake akilini, akasikia vile vicheko.

"Hakuna, mwalimu. Mkono uliteleza."

Mizani akamwambia atarudia mtihani baada ya likizo. Kijana alishukuru, akatoka, na akilini mwake alijua harudi. Kurudia nini, na kwa macho yapi? Alifungasha vitu vyake vichache, akaenda nyumbani, akawaambia wazazi kwamba shule imemshinda. Baba yake hakuzungumza naye kwa muda mrefu. Mama alijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfunza kuficha.

Alianza kwa kujifunza umeme. Siku ya kwanza fundi mkuu alimpa nyaya akamwambia azitenge kwa rangi. Aliziangalia, akazirudisha taratibu, akasema hataki kuzika familia ya mtu. Akahamia mabomba, ambayo hayadai rangi. Akawa fundi mzuri, akaoa, akalea.

Miaka ikapita. Mtoto wa dada yake naye akachaguliwa kusoma kemia, na Jumapili moja alikuja kula kwa mjomba wake. Alikuwa na maneno mengi kuhusu hosteli na wahadhiri. Katikati ya maongezi akataja, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba yeye haoni rangi fulani, alimwambia mwalimu wiki ya kwanza, wakampa mashine ya kuchovya kwenye chupa inayomsomea kipimo kwa tarakimu.

Profesa aliweka kijiko chini. Akamuuliza hiyo mashine ni ya lini. Kijana akacheka.

"Ya siku nyingi, mjomba. Ile niliyopewa mimi imechakaa, labda ilikuwepo tangu enzi zenu."

Kwa siku kadhaa aliokota zana zake kama mtu aliye ndotoni. Alijua binti wa mkunga yuko wapi. Alikuwa mkuu wa maabara katika ofisi ya maji ya mji, ghorofa ya juu, na kila Profesa alipokwenda pale kufuatilia mita za wateja alikuwa anapitia mlango wa nyuma asikutane naye. Safari hii alipanda ngazi.

Alimkuta amenenepa kidogo, mvi zimemwingia, miwani imening'inia kifuani. Alimtambua mara moja, akamvutia kiti. Waliulizana habari za watoto. Kisha Profesa akamwambia alichosikia kwa mpwa wake, na binti wa mkunga akatazama mikono yake.

Akamweleza kwamba siku ile ile aliyoitwa ofisini, yeye naye alikwenda kwa Mizani. Hakutaja jina. Aliuliza tu, mwanafunzi asiyeona rangi anafanywaje? Mizani akamwambia ipo mashine kabatini, haina hata mtumiaji, mlete huyo mtu. Alikimbia hadi hosteli bila kuvua koti la maabara.

"Yule uliyekaa naye chumba kimoja akaniambia umeshaondoka," alisema. "Nikaona viatu vyako mlangoni."

Profesa alikumbuka vizuri. Alikuwa amelala amejifunika shuka hadi kichwani, na ni yeye aliyemtuma mwenzake aseme vile.

"Nilijua ni mimi uliyenichoka. Mara ya mwisho ulinijibu kwa ukali. Sikutaka kujipendekeza."

"Sikuwa nimekuchoka hata kidogo," akasema Profesa.

"Sasa najua," akajibu yule mama, kwa upole, na wote wawili wakatafuta kitu kingine cha kutazama. Kijana wa ofisi alileta chupa za maji ya kupimwa. Profesa akainuka, wakapeana mikono, akashuka.

Aliulizia chuoni kama anaweza kurudi kumaliza. Walimpokea vizuri, wakamwambia masomo yamebadilika mno, itabidi aanze mwaka wa kwanza. Dada yake, aliyesimuliwa yote kwa mara ya kwanza, alimhimiza akubali. Alilifikiria kwa wiki nzima, akaona magoti yake, wateja wake, umri wake, akaacha.

Siku hizi mpwa wake huja Jumapili na vitabu, wakakaa uani kwenye benchi. Kijana humsomea mambo mapya, na mengine kweli ni mapya. Lakini mara nyingi, kabla hajafika mwisho wa ukurasa, Profesa anakuwa amekwisha mtajia jibu. Kijana husifia kumbukumbu ya mjomba wake. Mjomba hutabasamu, akamwambia aendelee kusoma, na hamwambii kwamba hicho ndicho kinachomuuma zaidi: kwamba yote bado yamo.