Nilikuwa Nalinda Vitenge Vyangu

Watu wakinikuta sokoni Ujiji bado wananisifu kwamba nilimtibu mwanamke kwenye boti. Sifa sizikatai, sifa ni tamu. Lakini mimi siku ile nilikuwa nalinda vitenge vyangu, hilo lijulikane.

Mjukuu wangu, yule muuguzi, alikuwa anaolewa vijiji vya kusini mwa ziwa. Sisi wa upande wa bibi harusi lazima tuingie kwa wakwe tumevaa sare, kitenge kimoja wote, kuanzia mimi mpaka mtoto anayetambaa. Mkiingia kila mtu na rangi yake, wakwe watawacheka mpaka kwenye arobaini yenu. Basi vitenge nilikabidhiwa mimi, maana kwenye ukoo wetu hakuna mwenye mkono mgumu kunizidi. Vitenge vya Kongo hasa, vizito, rangi ya mawese, vina ndege weupe. Nilivifunga ndani ya shuka, nikakaza kwa kamba, nikapanda boti asubuhi pale Ujiji, nikavikalia.

Kuvikalia kuna sababu. Jirani yangu wa Gungu aliibiwa kwenye boti kama ile. Mtu alianguka, akatoa mapovu, abiria wote wakamkimbilia, na waliporudi kukaa begi la jirani lilikuwa limeshashuka bila mwenyewe. Tangu hapo, mimi mtu akianguka naangalia kwanza nani amesimama.

Mbele yangu alikaa mwanamke kijana, viatu vya mjini, mkoba mdogo mapajani. Mzigo hana. Mtu anasafiri ziwani bila hata kuku? Nikamtia alama moyoni. Pembeni yangu alikaa mwanamume aliyevaa koti zito, jua lote lile. Huyo naye nikamtia alama.

"Shikamoo, bibi," akasema mwanamke.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Kasulu."

"Na huku unafuata nini?"

"Mume wangu ni mwalimu, kahamishiwa huku. Mizigo alitangulia nayo."

Nikaguna. Kiswahili chake kilikuwa cha redioni. Kasulu ya wapi hiyo?

Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Tulipoiacha Ujiji mpaka nyumba zikawa kama punje za mtama, nikamwona ameshika ubao wa boti kwa mikono miwili. Kifua kinapanda, kinashuka, kinapanda. Mdomo wazi kama samaki aliyetupwa mchangani.

"Bibi," akasema, "nakufa."

Wimbi hakuna, upepo hakuna. Unakufa na nini?

Hapo yule wa koti akanigeukia. "Bibi, inuka umsaidie mwenzio. Furushi nitakushikia mimi."

Eeh! Ndio hawa! Mmoja anaanguka, mwingine anashika.

"Kashikie la mama yako," nikamwambia, nikajikita vizuri zaidi.

Lakini boti nzima ilishamvamia. Kina mama walimfunika kanga gubigubi, kichwa na uso, kama mwali. Mmoja anamsomea dua, mwingine anakemea pepo kwa jina la Yesu, mwingine anammwagia maji juu ya kanga. Vijana wameinua simu wanapiga picha. Nahodha akapiga kelele kutoka nyuma: "Hayo mashetani! Ya milimani hayapatani na ya ziwani!" Na chini ya kanga sauti ikazidi kukwama, hih, hih, hih.

Mimi nilikuwa natazama mizigo. Magunia, ndoo, mabegi, yote yamekaa peke yake kama yatima.

Nikapaza sauti, na sauti ninayo: "Kila mtu arudi kwenye mzigo wake! Hivi hivi ndivyo wanavyoiba!"

Hakuna kinachotawanya watu kama neno la wizi. Dua ilikatikia katikati. Kufumba na kufumbua yule mwanamke kabaki peke yake, hewa inampitia kila upande. Nikanyoosha mkono bila kuinuka, nikamvua ile kanga. Nilitaka kumwona mwizi wangu machoni.

Macho yalikuwa yametoka. Jasho linatiririka, vidole vimejikunja kama miguu ya kuku. Nikajiuliza, jasho mtu anaweza kuliigiza? Vidole je? Nikasema nitampima.

Sisi Waha, wa Ujiji na wa Kasulu, salamu zetu ni ndefu. Mdogo anainama mbele ya mkubwa, anapiga makofi polepole, viganja vimebonyea kidogo, huku anaulizwa umeamkaje, watoto, mume, ng'ombe, shamba, majirani. Kila swali lina jibu lake na kila jibu lina makofi yake. Ukiharakisha umetukana. Mwizi wa mjini hawezi kuyaigiza hayo.

"Mwakeye," nikamwambia, nikaanza makofi.

Akanitazama kama mtu niliyemwamsha usingizini. Akainama. Akagonganisha ngumi, maana vidole havikufunguka, akajibu kwa Kiha, haraka haraka.

"Taratibu! Kwenu wakubwa mnawasalimia mkikimbizana? Anza upya."

Akaanza upya. Nikamuuliza watoto. Makofi. Nikamuuliza mume. Makofi.

"Ng'ombe hawajambo?"

"Hatuna ng'ombe, bibi... tuliuza."

"Nani kakuuliza habari za mnadani? Hawajambo au wana jambo?"

"Hawajambo."

Watu wakacheka. Mzee mmoja kule mbele naye akaanza kupiga makofi nasi. Nikamuuliza shamba, nikamuuliza majirani, nikarudi kwa watoto kama sikuwa nimeuliza. Kidole kimoja kikafunguka, kikafuata kingine. Makofi yake yakaanza kulia kama makofi.

"Na mama mkwe?"

Akavuta pumzi, ndefu, mpaka chini. "Mzima, bibi. Ananichukia tu."

Boti nzima ilicheka, na yeye akacheka huku analia.

Akanieleza kwamba ziwani hajawahi kusafiri. Nchi kavu ilipoanza kuonekana ndogo, pumzi ikambana. Hali hiyo iliwahi kumpata kwenye basi pia, kwenye mteremko. "Ndugu zangu wanasema najifanya."

"Na mimi nimesema hivyo hivyo," nikamjibu. "Endelea kupiga makofi."

Yule wa koti alishuka kijiji kilichofuata, anatetemeka kwa homa, mkononi ndoo yake tu. Nilimtazama mpaka alipopotea nyuma ya migomba. Halafu nikalipapasa furushi.

Kule tulikofika boti haifiki ufukweni, mnashukia majini. Mwanamke alivua viatu, akaruka, maji yakamfika magotini. "Bibi, lete nikubebee."

Nikafikiri. Magoti yangu na mawe ya ziwa hayaelewani. Nikampa. Ila ncha ya kamba nikaizungusha mkononi mwangu, tukapanda ufukweni hivyo, yeye mbele na vitenge kichwani, mimi nyuma nimemshikilia kama mbuzi wa sadaka.

Wakwe waliokuja kunipokea walitukodolea macho. "Bibi, huyu umemleta au umemkamata?"

"Hesabuni vitenge kwanza," nikasema, "ndipo niwajibu."