Kichwa Kilichokataa Kupungua

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kazini wanamwita Sentimita, kwa sababu ukimsalimia anakutazama mabega kwanza, uso baadaye. Tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Aliwahi kwenda nayo msibani na hakuna aliyeshangaa.

Miaka yote ameshona makoti ya wapishi kwa cherehani ya kukanyaga. Sasa goti lake la kulia limeanza kugoma. Akitaka kuinuka anasema, "Ngojeni, huyu mwenzangu bado anafikiria." Ndiyo maana meza ya kukatia ilipobaki bila mtu, alimwomba Bosi ampe: apime na kukata, aachane na pedali.

Bosi ni mama mwenye sauti nyembamba na maamuzi mazito. "Mdogo wangu yule mwalimu wa chekechea anataka mashati ya watoto ya kuchorea," akamwambia. "Kata moja la mfano. Likimkaa mwanawe, meza ni yako. Lisipomkaa, tutaendelea kusaidiana hivyo hivyo, dada."

Kusaidiana hivyo hivyo maana yake pedali.

Vipimo Shangazi anavifanyia kwenye kompyuta kuukuu iliyo mwisho wa meza hiyo. Programu alitengenezewa na mwanawe, binamu yangu, tunayemwita Waya. Haina picha wala rangi, ni dirisha jeusi lenye kimstari kinachopepesa. Unaweka vipimo kwenye faili, namba moja kila mstari, kisha unaandika amri: kadiri, jina la faili, na kiasi. Ukiandika 0.5, namba zote zinarudi nusu. Ukiandika 2, zinarudi maradufu.

"Naipenda hii," Shangazi alisema siku ya kwanza. "Inajibu ulichoiuliza, halafu inanyamaza. Ningeipata mapema nisingeolewa."

"Mama!" Waya akang'aka.

"Nini? Baba yako alikuwa anajibu ambacho sijauliza."

Nilipenda kusimama nyuma yake nikitazama namba zikishuka. Mkono wa sentimita sitini unaingia, unatoka wa thelathini na sita. Nilikuwa najiuliza zile nyingine zimekwenda wapi.

Kwa shati la mfano alichukua vipimo vya shati la fundi rangi mmoja, mtu mzima, shati la kupitishia kichwani, kwa sababu Mwalimu hakutaka vifungo. "Mtoto wa chekechea akiona kifungo anakila," alisema. Shangazi akagawanya urefu wa mtoto kwa urefu wa fundi rangi, akapata 0.6. Akaandika kadiri, akabonyeza enta, akakata, akashona.

Asubuhi Mwalimu akamleta mwanawe, katoto ka mashavu manene kanakotembea mikono nyuma kama mkaguzi. Tukamwita Mkaguzi papo hapo. Akavishwa. Mikono ikaenea vizuri, kifua kikakaa sawa, ila kichwa hakikutokeza.

"Nani amezima taa?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Mwalimu akavuta chini, Bosi akavuta juu. "Masikio yangu! Masikio!" Shangazi akachukua mkasi, akalipasua shati begani, na Mkaguzi akatoka analia, amevimba kama andazi. "Sivai tena," akasema. "Sivai mpaka nife."

Bosi akaliinua lile tambara. "Sentimita, umesahau kwamba watoto wana vichwa?"

"Sikusahau. Nilikipunguza pamoja na vingine."

Na kweli. Makoti ya wapishi yanafunguka mbele, kwa hiyo miaka yote hiyo hakuna nguo yake iliyowahi kukutana na kichwa cha mtu.

Mwalimu alikuwa na safari ya sokoni. Akamwachia Bosi mtoto na kusema atapita mchana, na akikuta bado, atatafuta fundi mwingine. Udugu kando.

Nilidhani Shangazi atakata tamaa. Badala yake akainama mbele ya Mkaguzi, akampa tepu. "Basi nipime mimi kichwa."

Mtoto akampima, ulimi nje. Hamsini na sita. Kisha mwenyewe akakubali kupimwa: hamsini.

Shangazi akazitazama zile namba mbili kama mtu aliyerudishiwa chenji isiyo yake. Akampima Bosi, akanipima mimi, akamwita mlinzi avue kofia. Vichwa vyetu sote vilikaribiana na cha yule mtoto, ambaye ananifika kiunoni.

"Kumbe kichwa kinatangulia," akasema polepole. "Halafu mwili unakikimbiza."

"Unakifikia lini?" nikauliza.

"Wengine hawakifikii. Mwone mlinzi."

"Nimesikia," akasema mlinzi, akivaa kofia yake.

Shangazi akarudi kwenye dirisha jeusi. Vipimo vinavyofuata urefu akaviacha kwenye faili lake. Tundu la kichwa, sentimita sitini za fundi rangi, akalihamishia faili jingine, peke yake, na kiasi chake mwenyewe: hamsini kwa hamsini na sita, karibu 0.9. Akampakata Mkaguzi. "Bonyeza hapo."

Mkaguzi akabonyeza enta. Ikatoka namba moja: 54.

"Ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe, pamoja na nafasi ya masikio."

Mwalimu aliporudi, shati la pili lilikuwa mezani, lakini mwanawe akajificha nyuma ya marobota. "Nimesema sivai."

Bosi akamtazama Shangazi. Shangazi akaitazama cherehani yake, kisha akamwambia mtoto, "Usivae. Lakini namba ulibonyeza wewe, kwa hiyo fundi ni wewe. Njoo ukague tundu kama lina kosa."

Mkaguzi akaja, mikono nyuma. Akachungulia tunduni kwa jicho moja, kisha akaingiza pua. Mlinzi naye akasogea dirishani kutazama. Kichwa kikazama, shati likatikisika, sikio moja likatokeza, kisha la pili.

"Taa imewaka," akasema.

Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini. Bosi hakucheka. "Haya, dada. Hamisha vitu vyako."

Kitu chake kilikuwa kimoja tu, mto wa kukalia. Akautoa kwenye kiti cha cherehani, akauweka kwenye kile kirefu cha meza ya kukatia, akapanda.

"Mwenzako anasemaje?" nikamuuliza.

"Amekubali bila mjadala." Tayari alikuwa ameivua tepu shingoni, anamtazama Mkaguzi miguuni. "Hebu niitie huyo mtoto. Nataka kujua nyayo nazo zinamfuata nani."