Ombi Ndani ya Jalada la Baba

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Manyunyu tangu alfajiri. Ngazi za mahakama zilikuwa zinateleza na watu wakipanda kwa kushika ukuta.

Miongoni mwao alikuwa dada mmoja ambaye ofisini kwa wakili walimwita Jicho. Kazi yake ilikuwa kutafuta kesi za zamani. Wakili alikuwa akimtupia jina la mtu na mwaka wa kubahatisha, naye akirudi na namba ya shauri, majina ya pande zote mbili, tarehe lilipoitwa na amri ya mwisho. Wageni wa kazi aliwafundisha bila makuu: anza na rejesta, jalada baadaye, jua aina ya shauri, jua nani alilifungua, na kompyuta usiitegemee kwa kesi zilizoitangulia.

Kesi moja ilikuwa imemshinda, wala hakuwa amemwambia mtu. Ilikuwa ya kwao. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba mama alipoachika aliondoka bila kugeuka nyuma, wala hakumdai mtoto hata siku moja. Jicho akalelewa na shangazi. Mara mbili alishapekua rejesta ya mashauri ya malezi akitafuta jina la mama, asilione. Basi akaamini. Sasa mama, ambaye alikuwa akiishi upande wa pili wa mji, alikuwa amempa shangazi salamu: anaomba kumwona mwanawe. Wiki zilikuwa zinapita na Jicho hajajibu.

Siku hiyo karani wa masjala, mtu wa maneno mengi, alimkuta ameinamia rejesta ileile.

"Dada, hiyo utaitoboa kwa macho. Nani kajificha humo?"

Alitaka kumdanganya, ulimi ukakataa. "Mama yangu."

Karani akaweka mhuri chini. "Talaka alifungua nani?"

"Baba."

"Jalada lake umelisoma?"

"La nini? Hilo ni la baba. Mimi natafuta la mama."

"Ewe dada! Si wewe unayewaambia wenzako kwamba hapa zamani ombi la mtoto halikupewa namba yake? Liliingizwa humohumo kwenye talaka. Ya wengine unayaona, ya kwenu unayapita kama mgeni!"

Jicho alicheka, kisha akaifunga rejesta. Akachukua fomu ya kuomba kukagua jalada. Penye uhusiano na shauri, ambapo siku zote huandika "kwa niaba ya wakili", aliandika "mtoto".

Jalada lilikuja na vumbi lake. Hakuikimbilia hukumu. Alianza na mwenendo wa shauri, kurasa ambazo hakimu huandika nani amefika na nani hakufika. Palepale, chini ya talaka ya baba, palikuwa na ombi la mama la kupewa mtoto. Mwombaji yupo. Mume hayupo. Imeahirishwa. Mwombaji yupo. Imeahirishwa. Alifunua ukurasa, mama yupo. Akafunua mwingine, mama yupo. Mahali pamoja hakimu alikuwa ameandika kwa mkono wa haraka: "Mwombaji amekuja na sare ya shule aliyomshonea mtoto. Ameelezwa kuwa mahakama haipokei nguo. Arudi nayo nyumbani."

Mwisho kabisa: mtoto abaki kwa baba.

"Alishindwa," karani alisema taratibu, akichungulia begani kwake.

"Alishindwa. Lakini alikuja, kaka. Kila walipomwita alikuja."

"Nikuletee chai?"

"Nilie kwenye kikombe chako?"

"Lia tu. Kikombe hicho kimeona makubwa."

Jioni alimsimulia shangazi. Shangazi alikunja kitambaa cha jikoni. "Baba yako aliniambia vilevile, mwanangu. Alikuwa kaka yangu, nami sikuuliza." Kisha akamwelekeza nyumba ya mama, ile inayosikika cherehani.

Kesho yake asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Jicho aliomba ruhusa kazini, akatoa kabatini gauni lililofumuka pindo, ambalo angeweza kabisa kulishona mwenyewe, akalikunja vizuri na kuvuka nalo mji. Nyumba aliijua kwa mlio wa cherehani. Akapiga hodi, cherehani ikanyamaza.

"Shikamoo, Mama," alisema mlango ulipofunguka. "Nimeleta nguo unishonee."