Bafu la Norma

Kila mwaka jalidi ya pili, ule umande ulioganda, ilipoanguka kijijini kwao, karibu na Treviso, mzee Ottorino aling'oa radikio, ile saladi yake nyekundu chungu, pamoja na mizizi. Aliisimamisha majini ndani ya bafu la nyumbani, akaziba dirisha kwa blanketi, maana majani yake hulainika gizani tu. Yeye alijifuta kwa kitambaa, akajiona msafi. Mkewe, Norma, alikwenda kuoga kwa dada yake. Miaka thelathini na minane.

"Hivi mama unavumiliaje?" binti yao akauliza, akamjengea bafu la pili.

Ottorino akalipima kwa mikono, asiseme neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Norma akanunua kufuli, ufunguo akautia kifuani.

Baridi ikaja, na Norma akabeba taulo kwenda kwa dada yake kama kawaida. Ottorino akashangaa, akazunguka nje. Dirisha la bafu jipya lilikuwa limezibwa kwa blanketi.

"Norma! Humu ndani mna nini?" akamwita kabla hajafika barabarani.

"Radikio yangu, nimeilima kwa dada. Na mlango usiuguse, mzee. Haitaki mwanga."