Ndunge Arudisha Punje za Nzioka

Saa moja na nusu asubuhi, Ruiru. Jua limeshaingia dirishani mwa banda la kuchambulia kahawa, lakini halimfikii Ndunge Musau. Amekaa mwisho kabisa wa meza, karibu na magunia, gizani. Amefumba macho. Vidole vinapita juu ya buni kama vya mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto, na punje mbovu zinarushwa kando.

"Macho ni ya nini?" anasema. "Haya yalishachoka. Siku hizi naona na vidole."

Anacheka, ingawa jambo lenyewe si la kuchekesha. Ana miaka kumi na mmoja kazini, tangu alipotoka Machakos mwaka 1947, na minane kati ya hiyo alikaa dirishani. Mchambuaji asiye na mwanga hupitisha mbovu. Debe lake likikataliwa mara tatu kwa mwezi, anaambiwa abaki nyumbani. La Ndunge limeshakataliwa mara mbili, na senti themanini za siku ndizo unga wa watoto watatu.

Aliyemhamisha ni nyapara wao, Zacharia Nzioka. Kosa la mama huyu? Uchaguzi.

Jumapili hii wafanyakazi wa mashamba ya Ruiru na Thika wanamchagua rais wa chama chao. Wagombea ni wawili: Nzioka mwenyewe, na Absalom Awiti, fundi wa mashine kutoka Thika. Kwa kuwa wengi hawasomi, kila mwanachama atakuja na punje moja ya kahawa, aingie nyuma ya blanketi, aitie ndani ya mkebe wa anayemtaka.

Awiti alikuja kwanza, na kinanda cha mkono. "Alicheza, wee! Mpaka shati ikatoka kwa suruali," Ndunge anakumbuka. "Lakini alienda bila kutuambia atafanya nini."

Nzioka yeye alituma sukari. Aliyeileta ni Kaleli, mtoto wa kaka yake Ndunge: robo ratili kwa kila mwanamke wa meza ile, wote arobaini, na juu ya kila pakiti punje moja ya duara, ile inayoota peke yake ndani ya tunda.

"Shangazi, Jumapili weka hii kwa mkebe wa Nzioka," Kaleli alisema. "Ni mtu wetu."

"Na kwa nini ya duara?"

"Wewe chukua tu, shangazi."

Jamani, kumdanganya mchambuaji kwa kahawa! Punje ya kawaida ina upande bapa, hii haina. Kabla maji ya chai hayajachemka, Ndunge alikuwa ameelewa. Nzioka atamwaga mkebe wake, ahesabu za duara, na zikipungua arobaini, meza nzima itakiona cha moto.

Sukari haikurudi. "Watoto walishaimaliza, ningeitoa wapi?" Lakini asubuhi yake alipitisha kikombe mezani, akakusanya punje zote, kisha mbele ya Nzioka akazimwaga ndani ya debe ambamo za duara hutengwa kila siku.

"Nikamwambia, 'Nyapara, hizi zilipotea njia zikafika kwetu. Nimezirudisha kwao.'"

Banda zima liliangua kicheko. Kufika saa nne, Ndunge alikuwa ameshapelekwa gizani.

Akiulizwa kama ana hasira, anaacha kazi kwa mara ya kwanza. Mwaka juzi, anasema, bintiye Syombua alizidiwa na homa. Nzioka ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, maili nne, kwenye mvua.

"Kura yangu ilikuwa yake tangu siku hiyo. Hakuhitaji sukari. Sasa ananihesabu kama mwizi." Machozi yanamlenga, anayapangusa kwa ncha ya leso. "Hiyo ndiyo iliniuma, si dirisha."

Anafungua fundo la leso hiyo hiyo. Ndani mna punje moja, bapa, isiyo na doa, aliyoichagua mwenyewe. Bado haijapata mkebe.

"Zimebaki siku nne. Aje hapa nilipo, akae, aniombe kwa mdomo. Akija naitia kwake, hata nisiporudi dirishani."

Na asipokuja?

Ndunge anakaza fundo, anafumba macho, anarudi kwenye buni.

"Atakuja," anasema. "Mtu aliyetembea maili nne na mtoto wangu mgongoni, hatua ishirini zitamshinda?"